Mguso wa Mwisho wa Mzee Unywele

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, fundi mkuu wa bunduki wa karakana yetu anastaafu. Wenye kumbukumbu watacheka. Alikuwa astaafu mwaka juzi. Tukamwandalia keki, tukaila, na Jumatatu yake tukamkuta mezani amevaa koti lake la kazi kana kwamba keki ile ilikuwa ya mtu mwingine. Mwaka jana akastaafu tena, safari hiyo bila keki, kwa sababu mhasibu alikataa katakata kudanganywa mara mbili. Hii ni mara ya tatu. Naomba mniamini, sasa anaondoka kweli.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa meza yangu imepakana na yake, na kwa kuwa wengine wote walisema wana shughuli. Mimi ni seremala wa vitako vya bunduki. Mbao ni zangu, chuma kilikuwa chake. Nimevuta vumbi la chuma chake, naye amevuta vumbi la mbao zangu, kwa muda mrefu kiasi kwamba tukikohoa pamoja hakuna anayejua kikohozi ni cha nani. Nimechoka na mimi, niseme ukweli, lakini zamu yangu bado.

Ndani ya karakana hakuna anayemwita kwa jina lake. Tunamwita Mzee Unywele, ingawa kichwani hana hata mmoja. Jina lilitokana na jibu lake. Ukimuuliza bunduki imekamilika, anaishika, anaigeuza, anafumba jicho moja, kisha anasema, "Bado unywele tu." Unywele huo ulikuwa unaweza kuchukua wiki mbili. Mkuu wa karakana alishawahi kumwambia kwamba wenzake wanapima kwa milimita, naye akasema milimita ni kubwa sana, inatosha kupitisha ng'ombe.

Hakuja hapa kwa ajili ya bunduki. Alikuja kutengeneza cherehani ya kitengo cha sare, iliyokuwa ikiruka mishono. Aliifungua, akaifunga, ikashona, na alipokuwa anasubiri mtu wa kumsindikiza getini akasogea kwenye meza ya fundi wa zamani na kuuliza kile chuma ni cha nini. Hadi leo hajasindikizwa. Wakati huo karakana ilikuwa ni hili hili banda la bati, na taa ndefu ya dari ilikuwa inapepesa kama inavyopepesa sasa. Nadhani ni taa ile ile.

Kwa wageni wanaosoma jarida hili: tunashughulikia bunduki za askari wa wanyamapori, zile za komeo, unazovuta na kusukuma kwa mkono kila baada ya risasi. Nyati wakiingia mashambani, askari wawili hutumwa na bunduki kama hiyo. Inavyotoka kiwandani hupiga vizuri tu kwa mtu anayetaka kutisha ndege. Kwa askari aliyesimama mbele ya nyati haitoshi, maana nyati aliyejeruhiwa ni mbaya kuliko nyati mzima. Kazi ya Mzee ilikuwa kuichukua bunduki hiyo na kuitia adabu, mpaka risasi tano zinazofuatana ziingie mahali pamoja kwenye karatasi iliyo umbali wa mita mia moja.

Ni kazi ya kuchosha, na asikudanganye mtu. Chuma kinatolewa kwenye mbao zake. Mbao zinachimbwa kidogo, halafu inamiminwa gundi ngumu ya kuchanganya ili chuma kikalie kitanda kinachokitosha, kisicheze hata kidogo risasi inapolipuka. Mtutu wenyewe hautakiwi kugusa mbao popote mbele ya hapo. Mzee alikuwa anapima kwa kupitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na mbao, toka mwanzo hadi mwisho. Ikikwama, bunduki inarudi kwangu na maneno juu. Karatasi yenyewe ilikuwa yoyote iliyo karibu. Amewahi kupima kwa waraka wa Mkuu kuhusu kuchelewa kazini, na amewahi kupima kwa kadi ya mwaliko wa harusi ya binti yake mwenyewe. Shemeji, yaani mkewe, aliponiuliza kwa nini kadi ya baba wa bibi harusi ina mafuta ya bunduki, nilijifanya sijasikia.

Gundi ile ikikauka haijui ndugu. Kabla ya kuimimina lazima chuma kipakwe nta kila mahali, hata ndani ya matundu ya skrubu, la sivyo bunduki haitoki tena kwenye kitako chake. Mwaka wake wa pili Mzee alisahau nta, tena kwenye bunduki ya mkuu wa wakati huo. Akaivuta, akaigonga, akaisemesha, wapi. Mwishowe akakumbuka kwamba chuma hunywea kikipata baridi. Akaibeba hadi kantini kwa kibali cha mlinzi wa silaha na kuizika ndani ya friza. Mpishi alifungua kutafuta mapaja ya kuku, akakutana na mtutu. Mimi sikuwepo, lakini mpishi yule mpaka leo akikuona tu unatoka karakana anauliza umebeba nini. Bunduki iliachia kitako chake asubuhi kwa mlio mmoja, ikafanya kazi miaka mingi, na inasemekana ikipata moto ilikuwa inanukia mchuzi.

Alikuwa pia na namna yake ya kuishi na watu. Askari mmoja, bonge la mtu, alileta bunduki akilalamika kwamba inapiga kushoto. Mzee alichomeka risasi bandia bila jamaa kujua, akamwambia apige tumuone. Bunduki haikulia, lakini jamaa aliruka bega zima, macho ameyafumba kama mtu anayechomwa sindano. Sisi tulianza kucheka. Mzee akatukata jicho. Alimfanyisha mazoezi ya kufyatua bila risasi asubuhi nzima akisingizia kwamba anakagua kifyatulio, kisha akampa bunduki yake ikiwa vile vile na kumwambia ameipunguza unywele. Jamaa aliondoka anafurahi, na hakurudi kulalamika tena.

Kazi hiyo ilimla sikio la kushoto, likafa kabisa. Kwenye vikao alikuwa anakaa akimwelekezea Mkuu sikio hilo.

Sasa kuna jambo ambalo kwenye sherehe huwa hatulitaji. Yeye mwenyewe ameniambia nisipoliandika hatakuja kuchukua zawadi yake, na namjua, hatakuja. Zamani, kabla sijaajiriwa, Mzee alichukua likizo akampeleka Shemeji kwao kuwaona wazazi. Mvua zilikuwa zimeanza. Huku nyuma, bunduki moja ikatolewa kwa haraka na fundi ambaye hayupo tena. Mbao zake zilikuwa zimekunywa unyevu, zikavimba na kuusukuma mtutu upande. Kwa macho huwezi kuona. Askari kijana alipiga nyati akiwa amelenga sawasawa, risasi ikaenda kiganja kizima pembeni. Mwenzake alimuokoa, lakini mguu mmoja wa kijana huyo ulivunjika vibaya na haukurudi urefu wake. Askari huyo ndiye mlinzi wetu wa getini, yule anayetembelea fimbo.

Tangu hapo Mzee hakuchukua likizo tena. Shemeji hakupelekwa kwao tena, alikuwa anakwenda peke yake na kurudi peke yake. Na tangu hapo ikawa kanuni kwamba bunduki haitoki mpaka yeye mwenyewe aimalizie. Tuliuita mguso wa mwisho. Alikuwa anakaa na ile bunduki kwenye pembe yake na kuunadhifisha mdomo wa mtutu, pale risasi inapotokea, kwa zana ndogo za mkono. Ukingo wa pale lazima uwe sawa pande zote. Ukiwa na kikwaruzo upande mmoja, moto wa baruti hutoka kwa kupitia upande huo kwanza na kuitikisa risasi ikiwa ndiyo kwanza inaondoka. Mama Pacha, aliyetujia kutoka kiwanda cha pampu akiwa tayari fundi hodari wa mashine ya kukereza, alikuwa anaweza kuitengeneza bunduki tangu mwanzo hadi mwisho. Kila akimaliza, Mzee anaichukua, anasema bado unywele, anaigusa. Makao makuu wakiuliza nani anafanya kazi hii, tunajibu ni Mzee. Ndiyo maana kila alipotaka kustaafu walimwomba abaki, na yeye akabaki, kwa sababu alikuwa anaamini siku atakayoondoka mtu mwingine atavunjika mguu, au zaidi.

Alikuwa amechoka. Nilikuwa namwona anavyoshuka kwenye kiti chake saa kumi kama mtu anayeshuka ngazi ndefu. Halafu nikaanza kusikia kikombe. Akinyanyua chai, kikombe kinagongagonga kwenye kisosi, kidogo kidogo, kila siku. Mwanzoni nilidhani ni mashine ya jirani.

Mchana mmoja Mama Pacha aliniambia taratibu, huku akitazama mlango, kwamba bunduki zikitoka kwa Mzee zinarudi kwake kupakwa mafuta zikiwa na mdomo mbovu. Mkono wa Mzee unalalia upande mmoja, na macho yake hayaoni tena. Mama Pacha alikuwa anazikata upya kwenye mashine wakati Mzee amekwenda chai, ndipo anazipeleka kwenye uwanja wa shabaha. Tulitazamana. Mtu mzima kama yule utamwambiaje kwamba mkono aliouweka kulinda watu sasa ndio unaohitaji kulindwa? Tukanyamaza, naye akaendelea kuzikata upya.

Siku yenyewe ilikuja msimu huu wa mvua. Redio ya mawasiliano ilikuwa inalia tangu asubuhi, nyati wameshuka kwenye mashamba ya kituo cha mbali na askari wa kule wanataka bunduki yao. Wingu lilikuwa limekaa vibaya, kwa hiyo Mkuu akaagiza bunduki ijaribiwe haraka kabla mvua haijafunga uwanja. Mama Pacha aliilaza kwenye magunia ya mchanga na kupiga tano. Matundu yote matano ungeweza kuyafunika kwa kizibo cha soda. Mkuu akaita gari. Mzee akasema haiendi popote, haijapata mguso. Akaichukua mpaka kwenye pembe yake, na alipoirudisha akadai ipigwe tena, kwa sababu ni kanuni yake mwenyewe kwamba chuma kilichoguswa lazima kijaribiwe. Mama Pacha hakupata nafasi ya kuipitisha kwenye mashine.

Akaipiga. Karatasi ilipoletwa, ungeweza kuweka kiganja katikati ya matundu yale bila kugusa hata moja.

Mzee alisema ni upepo, na hakuna jani lililokuwa linatikisika. Akasema ni risasi, na zilikuwa za boksi lile lile. Akatoa lenzi yake mfukoni, akatazama mdomo wa mtutu kwa muda mrefu, kisha akamnyooshea Mama Pacha ile lenzi.

"Hebu angalia wewe. Mimi sioni kitu."

Mama Pacha hakuipokea. Alibaki anatazama chini, na hapo Mzee akaelewa.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka juzi, Mzee wangu."

"Zote?"

"Nyingi."

Uso wake ulikauka. Najua alikuwa anazifikiria zile bunduki zote zilizosambaa vituoni, na vijana walioshika kila moja. Mama Pacha naye alijua, kwa sababu alimshika mkono, jambo ambalo humu ndani hatulifanyi, akamwambia hakuna hata moja iliyotoka ikiwa vile. Alikuwa anazirekebisha zote.

"Wewe?"

"Mimi. Nisamehe, Mzee."

Alikaa juu ya gunia la mchanga. Nimeshamwona Mzee akiwa na hasira, nimeshamwona na homa, nimemwona siku aliyomzika kaka yake. Sikuwahi kumwona vile. Alikuwa anaitazama mikono yake, anaigeuza, kama mtu anayekagua zana aliyoazimwa. Iliniuma sana, na sioni haya kuandika hivyo. Mkuu alitaka kusema kitu, nikamkanyaga mguu.

Baadaye Mzee aliinuka na kumwambia Mama Pacha aipeleke kwenye mashine, naye atasimama atazame. Alisimama nyuma yake, mikono ameitia mifukoni mpaka kwenye vifundo. Ule mdomo ukakatwa upya, bunduki ikapigwa, kizibo cha soda kikatosha. Sote tukamgeukia, kwa mazoea tu, tukisubiri ule unywele wake. Akasema, "Ipakieni." Gari likaondoka, na hiyo ilikuwa bunduki ya kwanza aliyoiruhusu itoke hapa bila mguso wake wa mwisho tangu ule mguu ulipovunjika.

Jioni mimi na Mzee tulitoka pamoja. Getini habari hupita bila kibali, kwa hiyo mlinzi alikuwa ameshasikia. Hakutufungulia. Alisimama na fimbo yake mbele ya mlango mdogo.

"Mzee, nasikia leo umeacha moja ipite."

"Imepita."

"Vizuri. Maana yule nyati mimi sikuwahi kukuhesabia wewe. Ulikuwa likizo, na likizo ni haki ya mtu. Miaka yote nakuona unapita hapa umeinama, nasema labda mgongo. Nenda nyumbani, Mzee. Wengine tumechoka kukuona."

Mzee aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba. Mlinzi akatazama upande wa barabara, mimi nikatazama bati, na tukampa muda wake mpaka alipomaliza.

Kesho yake asubuhi aliomba likizo zake zote kwa mkupuo, zile zilizobaki na zile za kumalizia utumishi. Mkuu alikuwa ameshaandaa maneno ya kumwomba mwaka mmoja zaidi, akayameza. Mzee alimkabidhi Mama Pacha lenzi, zana ndogo zote na kile kiti kinachopiga kelele. Alinikabidhi mimi malalamiko yake kuhusu mbao mbichi, akasema niyarudie mwenyewe kila mwezi ili nisizoee vibaya. Halafu akampeleka Shemeji kwao.

Walirudi juzi. Jana saa nane mchana redio ikaita kutoka kile kituo cha mbali. Dume la nyati lilikuwa limeingia tena mashambani na kumfukuza mtu mpaka kwenye ukuta wa ghala. Risasi moja, mahali pale pale palipolengwa, likalala. Mtu yule ni mzima, askari wote wawili wazima, wamerudi kambini kwa miguu yao. Mama Pacha alisikiliza hadi mwisho, akakaa chini, akaomba maji. Zamani habari kama hiyo ingemkuta Mzee ameshasimama jirani na redio tangu alfajiri, sikio lake la kulia limebandikwa kwenye spika. Nikampigia simu nyumbani.

Alipokea Shemeji, tena kwa sauti ya chini, na Shemeji si mtu wa sauti ya chini.

"Shemeji, afadhali umepiga. Huyu mwenzako amelala tangu asubuhi. Amekunywa chai, akasema anajinyoosha kidogo, mpaka sasa hajageuka hata upande. Miaka yote niliyoishi naye sijawahi kumwona amelala mchana. Nimemgusa hana homa. Nimuite daktari?"

"Hapana, Shemeji," nikamwambia. "Huyo hana ugonjwa. Amestaafu."

Akauliza basi amwamshe aongee na mimi. Nikasema usithubutu. Kwa hiyo, Mzee Unywele, habari ya yule nyati ndiyo kwanza unaisoma hapa: hakuna aliyeumia, na wewe ulikuwa umelala.

Karakana nzima inakushukuru, kuanzia Mkuu mpaka mpishi wa kantini, ambaye amesema zawadi yake haitakuwa kuku. Sikuandikii upumzike kwa amani, Shemeji atanitoa roho. Tunakuombea afya, miaka mingi, safari nyingi za ukweni, na usingizi mzito wa mchana usiokatizwa na redio ya mtu yeyote.